Mwaka wa Kuhesabu Ningu

Tulipolisogeza lile tangi la kioo, ukuta wa nyuma yake ulikuwa bado na rangi ya siku ya kwanza, krimu safi yenye umbo la mstatili mrefu, ilhali sebule yote iliyobaki ilishageuka rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa tumemaliza matanga ya mama mkwe. Wageni walishatawanyika, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na mimi na Deo, mume wangu, tumebaki Kiseke kufunga nyumba, maana baba mkwe hawezi kuishi peke yake na tulikubaliana aje kwetu Buswelu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilekile, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza dirishani ambako haoni kitu. Aliposikia miguu ya chuma ikikwaruza sakafu akauliza, "Hilo ni tangi?" Nikamjibu kwamba ndilo. "Lina maji?" Nikamwambia halijatiwa maji miaka mingi. Akasema "Mm," ile mm yake ya mtu aliyepokea jibu lakini bado hajaliamini, na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nikajikuta nimerudi jikoni kwa miaka ile, mwiko mkononi, nasikiliza kama ni mimi ninayesemwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na ndoa changa. Deo alikuwa na kazi ya mgodini upande wa Geita, kazi ya kulala kambini, na nyumba yetu wenyewe ilikuwa bado maneno matupu, kwa hiyo akaniacha kwa wazazi wake "kwa muda tu." Huo muda tu ulikula mwaka. Nyumba ilijengwa kati ya majabali ambayo hakuna fundi aliyeweza kuyavunja, mengine yamebaki uani tunaanikia nguo juu yake, na jikoni kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula kinachotazama sebuleni. Kidirisha kile kilikuwa redio yangu. Hapo ndipo nilipojua watu wa nyumba ile wanasema nini juu yangu, kwani mbele yangu walikuwa wapole mno, na mimi upole wa namna ile ulinitia wasiwasi kuliko matusi. Nilikulia kwa watu wanaogombana kwa sauti na kupatana kabla ugali haujapoa. Pale Kiseke hakuna aliyepaza sauti, hata kuku walionekana wamefundishwa.

Isitoshe kulikuwa na ule mwiko wao. Kwa watu wa ukoo ule, wenyeji wa Kagera, mkamwana mpya haongei na baba mkwe uso kwa uso mpaka baba mkwe ampe zawadi ya kumfungua kinywa, na zawadi hutolewa mume akiwepo. Deo hakuwepo, zawadi haikutoka, kinywa kikabaki kimefungwa. Salamu tu niliruhusiwa. Nilipiga goti mlangoni nikasema shikamoo nikilitazama zulia, naye akajibu marahaba akiitazama dari. Chai yake niliiweka mezani, sikumpa mkononi. Akitaka chumvi anamwambia mkewe, mkewe ananiambia mimi, na chumvi inasafiri njia hiyohiyo kurudi. Mwanzoni nilicheka peke yangu jikoni. Baadaye niligundua kwamba mtu usiyeruhusiwa kusema naye anaweza kukushtaki kila siku na huna pa kujibia.

Baba mkwe, Mzee Kamugisha, alikuwa amestaafu kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, ambako kazi yake ilikuwa ukaguzi, yaani kazi ya kutoamini. Boti inaleta sangara, mwenye boti anaapa kwa mama yake kwamba wametoka majini asubuhi hiyo, naye anafunua mashavu, anabonyeza nyama, anatazama jicho, halafu anasema hapana. Mtu akiifanya kazi hiyo ujana wake wote, ile hapana inahamia naye nyumbani. Mkewe akisema maziwa yamechemka, anakwenda kuchungulia sufuria. Mtu akifunga geti, yeye lazima amfuate nyuma alivute kufuli kwa mkono wake, kwa nguvu, mara mbili, hata kama aliyefunga bado amesimama pale. Sikuwahi kumwona akimwachia mtu kufuli lile, hata mkewe. Vitu pekee alivyovitazama kwa uso laini vilikuwa ningu wake kumi na mmoja.

Siku hizi kumpata ningu sokoni ni bahati. Ni samaki wa ziwani anayependa mito, mdomo wake mnene umeelekea chini, na zamani mvua zikianza walipanda mtoni kwa makundi hata maji yakabadilika rangi. Mzee aliwaona hivyo utotoni, ndiyo maana alipostaafu akawaagiza wakiwa hai kwa wavuvi wa kwao Kagera, wakaja ndani ya mapipa, wadogo, wakakulia sebuleni mpaka wakawa na urefu wa kutoka kiwiko hadi vidoleni. Tangi alitengenezewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu, refu kama kochi la watu watatu, na pampu ndogo ya hewa ilinguruma humo mchana na usiku. Chakula chao kilikuwa ukoga wa kwenye mawe. Kila baada ya siku chache mzee alishuka ziwani na ndoo, akarudisha mawe yaliyolambwa yakabaki meupe, akaleta mengine ya kijani. Walikwenda pamoja siku zote. Wakifika pembeni wanageuka wote, ubavu mmoja unang'aa, halafu wanarudi, na ukimtenga mmoja anahangaika mpaka awapate wenzake. Majirani walicheka kwamba mzee anakula dagaa huku kitoweo kinaogelea sebuleni, na kusema kweli nami niliwahi kuwatazama nikiwaza karanga na nyanya.

Jioni, taarifa ya habari ikiisha, aliwahesabu. Alisimama mbele ya tangi, katikati yake, mikono nyuma, akiongea nao. Jioni moja nachambua mchele wa kesho nikamsikia, "Jamani ningu wangu, jana mlikuwa kumi na mmoja. Leo naona kumi. Mwenzenu kaenda wapi?" Kiti cha mama mkwe kikalia. "Hesabu tena," mama akasema. "Nimeshahesabu, Adela, nimerudia na kurudia." "Basi tuache, tule." Tukala, wao mezani na mimi jikoni, ndizi kwa maharage, na nikasikia kijiko cha mzee kikigonga sahani kwa muda mrefu bila kuinua kitu. Baada ya wiki wakawa tisa. Kisha wanane. Siku moja wakapanda tena wakawa tisa, nikashusha pumzi, lakini yeye akawaambia samaki, "Ahaa. Ameogopa, amerudisha." Na jioni nyingine, kwa sauti iliyopimwa ili ifike jikoni, "Ningu ni mtamu. Hata Wasukuma wanajua ningu ni mtamu." Nyumba ile ilikuwa na Msukuma mmoja.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Asubuhi, mzee akiwa ziwani na ndoo yake, niliingia sebuleni na ufagio kama ninayefagia, nikawahesabu. Kumi na mmoja. Nikadhani nimemhesabu mmoja mara mbili, maana wanazunguka, nikangoja wageuke pembeni, nikarudia. Kumi na mmoja, wanene, wanalamba mawe yao. Nilimfuata mama mkwe uani, ameketi juu ya kigoda anamenya ndizi, nikamwambia, "Mama, samaki mbona wapo wote?" Kisu hakikusimama. "Nani kakutuma kuhesabu?" "Hakuna, mama, nilikuwa nafagia." "Basi fagia. Samaki wana mwenyewe, na mwenyewe keshahesabu." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Na neno hilo usimpelekee mtu yeyote, Kabula. Umesikia?" Nilisikia. Nilisikia hata zaidi ya alichosema, kwani kuanzia dakika ile nilijua, au nilidhani najua, kwamba mama mkwe ndiye anayewaficha.

Niliijenga hoja yangu vizuri, jaji angenipongeza. Jioni anawatoa, asubuhi anawarudisha, ili mimi nionekane mwizi na Deo atafutiwe msichana wa kwao. Nikaenda stoo nikafunua pipa la bluu, nikakuta maji ya kufulia. Sikuona kwamba nimekosea, niliona tu kwamba amewahamisha. Nilianza kumtazama mama kwa vitu vidogo. Alikuwa na amri nyingi za ajabu. Kigoda kisiachwe njiani. Mlango wa koridoni uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, usiachwe nusu. Kikombe cha mzee kikae mbele yake hasa, mkono wa kikombe umtazame yeye. Nilikosea siku moja nikakiweka pembeni kushoto, mzee akakipiga kwa kiwiko, chai yote kwenye zulia, na mama akaja jikoni akanigombeza kwa kunong'ona mpaka mate yakanirukia. Kwa kikombe! Nikaona wazi kwamba natafutiwa sababu. Nilimpigia Deo kwa simu ya jirani, nikamwambia samaki wote wapo, naye akasema, "Kabula, baba hakosei kuhesabu samaki. Ndiyo kazi iliyotusomesha." Nilikata simu nikiwa nalia kwa hasira, maana kumbe hata yeye alikuwa anajiuliza.

Na kama vile shetani hajatosheka, shangazi yangu akaja kutoka Buswelu. Shangazi ni mtu wa moyo mweupe. Alikuwa amesikia wakwe zangu ni wapenzi wa ningu, hakuambiwa kwamba ni wa kutazama, akahangaika mpaka akampata mmoja wa kukaushwa kwa moshi, mkubwa, amekunjwa duara mkia mdomoni, akanipa kwenye kona ya geti amefungwa gazeti. "Mpelekee baba mkwe, mwanangu, umlainishe." Kumrudishia ni tusi. Kumtupa nisingeweza, chakula kile. Nikamficha ndani ya sanduku langu chini ya vitenge vya harusi, na siku ya pili harufu ikatoka yenyewe ikaenda kutembea nyumba nzima. Mama mkwe alifungua sanduku bila kuniuliza. Alimshika yule ningu mkavu kwa mkono mmoja, mweusi wa moshi, katika nyumba inayopikia gesi, na hakuna aliyejiuliza ningemkaushia wapi. Mzee alipoonyeshwa alimnusa. Akatamka neno moja tu, tena akimwambia samaki huyo mkavu: "Pole."

Baada ya hapo mambo yakapangwa. Nilimsikia mama kwenye simu akisema na Deo. "Ukija likizo ya Krismasi tutakaa kikao. Kama mtoto wa watu ana tatizo, arudi kwao akatulie." Kwetu hakukuwa mbali, kutoka jabali la uani ungeweza kuona upande ule, na hilo ndilo lililoniuma. Ningerudishwa mwizi wa samaki mahali ambapo kila mtu ananijua kwa jina, na mama yangu angeulizwa kisimani mpaka afe. Nilianza kukunja nguo zangu kidogo kidogo. Mume nilimpenda, na nilikuwa nampoteza kwa kitoweo ambacho sikukionja.

Ilikuwa msimu wa senene, likizo ya Deo imekaribia. Mama mkwe aliketi sebuleni na ungo mapajani, ananyonyoa mabawa, na mimi jikoni nangoja kuwakaanga. Umeme ulikuwa hafifu, taa nyekundu nyekundu. Mzee akachukua tochi, akasimama mbele ya tangi. Kwa kawaida nilisikiliza tu, sikuchungulia. Jioni ile nilichungulia, kwa sababu mtu aliyekwisha kunja nguo zake haogopi sana. Tochi ilimulika katikati. Samaki walikuwa wameukimbia mwanga, wamejibana upande wa kushoto, wamesimama wote pamoja, karibu sana na kiwiko chake kiasi kwamba bila kioo wangemgusa shati. Wachache walipita katikati wakarudi. "Mmebaki sita," akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayesema na wagonjwa. "Jamani. Mmebaki sita." Akageuza tochi kulia, kwenye mawe matupu. Kushoto hakugeuka. Hakujua kwamba kuna kushoto.

Nikakumbuka kikombe. Nikakumbuka kigoda, na mlango wa koridoni, na jinsi alivyokuwa akiligonga bega lake la kushoto getini na kulilaumu geti. Nikamtazama mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ananitazama mimi kupitia kidirisha, bawa la senene limemganda kidoleni, anatikisa kichwa polepole kuniambia hapana. Alikuwa anajua. Hakuwa amemficha samaki hata mmoja. Alikuwa anamficha mzee.

Sikuwa na ruhusa ya kusema na baba mkwe. Kwa hiyo nilifanya alichonifundisha yeye mwenyewe, nikasema na samaki. "Ninyi ningu," nikasema kwa sauti kupitia kidirisha, "mbona mnamtesa baba? Mwambieni mko kumi na mmoja. Mwambieni mmesimama kushoto kwake, karibu na kiwiko. Mwambieni ageuze kichwa." Mama akasema, "Kabula, nyamaza!" Ndiyo mara pekee niliyosikia sauti ikipazwa katika nyumba ile. Mzee hakugeuka upande wangu. Alisimama na tochi yake, pampu inanguruma, senene waliosalia wanatambaa kwenye ungo, na nilikuwa na hakika kwamba sitangoja Krismasi, ningetoka usiku huohuo na sanduku kichwani.

"Njoo," akasema. Nikadhani anamwita mkewe. "Wewe, mke wa Deo. Njoo." Nikasema, "Baba, sijafunguliwa." Akaingiza mkono mfukoni, akakosa cha kunipa, akavua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya tangi. "Nimekufungua. Njoo unihesabie." Nikapita sebuleni mikono inanuka vitunguu, nikasimama kando yake, karibu kuliko nilivyowahi kusimama. Nikahesabu kwa sauti, na kila namba yeye alitafuta, kichwa chote kinageuka, kama kuku anavyoitazama punje kwa jicho moja. "Wa saba yuko wapi?" "Kushoto, baba. Zaidi. Hapo." "Ee." Akaweka kiganja kwenye kioo. Wanane. Tisa. Hapo akachoka, maji yanamtoka machoni. "Na wawili waliobaki?" "Wako nyuma ya jiwe, baba." Kisha akazima tochi akasema, "Haya."

Hospitali walisema ni presha ya macho, ugonjwa unaomega kutoka pembeni bila kuuma, na kilichokwisha kumegwa hakirudi. Dawa za matone zilimshikia kilichobaki kwa miaka mingi, ya kutosha kuwaona wanangu na kuwasahihisha hesabu. Kikao hakikufanyika. Deo aliniomba radhi, nikamsamehe baada ya kumsumbua vya kutosha. Ningu walizeeka, na umeme ulipoanza mgao mzee akaamua warudishwe mtoni ndani ya mapipa, akasimama ukingoni akiwasikiliza wakiondoka. Ila mama mkwe na mimi hatukulizungumza kamwe jambo lile. Aliwahi kusema sentensi moja tu, tukiwa tunamenya ndizi: "Mkaguzi asiyeona, Kabula, si anakufa?" Hakusema samahani. Alikuwa tayari mimi niitwe mwizi maisha yangu yote ili mume wake asiitwe kipofu, na nimemzika mwezi huu nikiwa bado namkasirikia, tena namlilia, na vyote viwili ni vya kweli.

Tangi lilipotoka nje na Deo akawa anapakia vitu garini, nilimpelekea mzee chai nikampa mkononi. Akainywa nusu. "Mke wa Deo," akasema, "nikuulize kitu. Wale wawili nyuma ya jiwe. Walikuwepo?"

Nilisimama na kitambaa changu cha vumbi. Miaka yote ile! "Walikuwepo, baba."

"Maana sikuwaona. Niliwaona tisa. Nikawaza, huyu mtoto ana sababu ya kusema kumi na mmoja."

"Sasa mbona ulisema haya?"

Akapapasa meza, akaweka kikombe. "Nilikuwa nimechoka kuhesabu," akasema. "Nikaona bora nikuamini."

Tukatoka. Nilifunga madirisha, nikafunga mlango, na mwisho nikafunga geti, yeye amesimama kando yangu na fimbo yake. Kufuli lilipolia, mkono wake ulinyanyuka kama kawaida yake, ukaenda mbele, na mimi nikasogea kumpisha alivute. "Umefunga?" akauliza. Nikamwambia nimefunga. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha ukateremka ukanishika kiwiko. "Haya," akasema, "twende."